Redio ya kufika mbali kwa shilingi 80,000: anza na waya, kisanduku baadaye

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi simu, nina kiduka Kongowea, na nimepanga ghorofa ya tatu Kisauni. Kwa miaka miwili nimejiwekea shilingi 80,000 ninunue redio ya ridhaa, ile ambayo mtu mwenye leseni anaruhusiwa kutuma mwenyewe na kuongea na watu wa nchi za mbali. Kaka yangu yuko Dubai, na ninatamani siku moja nisikie sauti ya huko bila bando wala mnara wa simu. Rafiki yangu ananiuzia redio ya mkononi kwa 3,500, anaapa inafika Dubai. Mtu mwingine ana redio kubwa iliyotoka melini, wati 150, anataka 45,000. Mtandaoni nimeona ya wati 20 ambayo itanimalizia akiba karibu yote. Betri ya sola ya volti 12 ninayo nyumbani. Naogopa kutupa pesa. Ninunue ipi?"*

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu pesa ya miaka miwili si pesa ya kujaribia. Unachouliza ni kisanduku kipi kati ya vitatu. Nitavijibu vyote vitatu, lakini ujue mapema kwamba kinachoamua kama utasikika Dubai ni waya utakaouning'iniza juu ya paa na kebo inayoshuka hadi mezani. Miaka niliyotengeneza redio za meli pale Kilindini, nyingi zilizoletwa kwangu zikisemwa "zimekufa" zilikuwa nzima kabisa. Kilichokufa kilikuwa antena.

Kwanza nikuweke sawa kuhusu kaka yako, usije ukavunjika moyo baadaye. Redio ya ridhaa si simu ya bure. Unayeongea naye lazima naye awe na leseni ya nchi aliko, na mazungumzo hayatakiwi kuwa ya biashara. Kama kaka hana leseni ya huko, utaongea na wenye leseni wa Dubai, ambao vituo vyao huanza na herufi A6, lakini yeye mwenyewe hutaongea naye. Kama haja yako ni kumjulia hali tu, bando ni rahisi kuliko haya yote. Lakini nikisoma ulivyoandika, naona unachotamani ni sauti kuvuka bahari bila mnara. Hilo linawezekana, na kwa wati chache kuliko unavyofikiri.

Sasa redio ya mkononi. Zile za Baofeng UV-5R na ndugu zake hutoa wati 4 au 5 kwenye masafa ya megahezi 136 hadi 174 na yale ya mia nne na kitu. Mawimbi ya hapo huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Yakifika pale ardhi inapopinda, yanaendelea juu angani na hayarudi. Kuna hesabu fupi: chukua urefu wa antena kutoka chini kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, upate kilomita. Ukisimama ufukweni na redio mkononi unapata kama kilomita 5. Kwenye dirisha lako la ghorofa ya tatu, tuseme mita 12, ni kama 14. Mwenzako naye akiwa juu unaongeza za kwake, ndiyo maana mtu aliye Shimba Hills, mita 400 juu ya bahari, anafika mbali kwa redio ileile. Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na Dubai ni zaidi ya 3,500. Hakuna betri wala antena ndefu ya kuunganisha itakayoziba pengo hilo.

Huenda rafiki yako hasemi uongo kwa makusudi. Kuna redio za mkononi zinazotia laini ya simu ndani yake. Ukibonyeza kitufe, sauti hupita kwenye mtandao wa simu na kutokea popote duniani. Ni kifaa kizuri kwa walinzi na madereva, lakini ni simu iliyovaa nguo za redio. Mnara ukizimika nayo inanyamaza.

Kwa 3,500, hata hivyo, sikukatazi kuinunua, ukiinunua kwa kazi yake. Wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu wanapoongea na wanafunzi kwa redio, sauti yao hushuka kwenye megahezi 145.800, na kituo kile hupita juu yetu kikiwa kilomita 400 hivi. Redio isiyoisikia Malindi inasikia angani, kwa sababu njiani hakuna kilima wala mpindo wa ardhi. Jambo moja nakuomba sana: redio hizi hufunguka mpaka kwenye masafa ya meli. Megahezi 156.8, chaneli 16, ndiyo ya wito na ya mtu anayezama. Hapa tuna bandari. Ukiifikia hiyo, sikiliza tu, usiguse kitufe.

Redio ya melini nayo hunitia hofu zaidi, kwa sababu ni nzito, ina sura ya kazi, na 45,000 inaonekana bei ya kuokota. Nikwambie utakachokikuta ukifungua kifuniko. Ufundi simu unaujua, kwa hiyo utaelewa: kwenye kingo za bodi, hasa pale kebo zinapochomekwa, kuna unga wa kijani uliopanda kutoka kwenye shaba hadi chini ya vipande. Hiyo ni chumvi ya miaka. Ukiisafisha kwa pombe inapendeza kwa wiki mbili, kisha kusi likianza kuvuma na unyevu wake, inarudi.

Tuseme ni safi. Bado nyingi hutaka volti 24, na wewe una 12. Zimefungwa kutuma kwenye chaneli za bahari peke yake, na kuzifungua kunahitaji programu ya kiwandani au mkono wa mtu anayeijua modeli hiyo. Sauti hutuma kwa upande wa juu wa wimbi, wakati desturi ya watu wa ridhaa chini ya megahezi 10 ni upande wa chini. Ukiwa na redio isiyogeuka, kwenye megahezi 7 utawasikia wanakwaruza kama bata, nao watakusikia hivyohivyo. Tena redio hizo hufanya kazi na sanduku la pili, linalokaa chini ya antena na kuilinganisha na redio. Mara nyingi sanduku hilo limebaki melini. Mwulize muuzaji liko wapi, umwangalie anavyojibu. Mwulize pia karatasi za umiliki. Redio iliyotoka melini bila karatasi ina mwenyewe mahali fulani.

Ninakushauri uiache.

Tuje kwenye wati, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Wati 150 zinasikika kama mara saba na nusu ya wati 20, na kwa hesabu ya umeme ndivyo. Sikio na mita ya redio havipimi hivyo. Vyenyewe hulinganisha nguvu kwa desibeli, na nguvu ikiongezeka maradufu ni desibeli 3 tu. Alama moja kwenye mita ya nguvu ya redio ni desibeli 6, yaani mara nne. Kwa hiyo kutoka wati 20 hadi 150 ni karibu desibeli 9, alama moja na nusu. Mtu aliyekusikia kwenye alama ya 7 kwa wati 150 atakusikia kati ya alama ya 5 na ya 6 kwa wati 20. Utafanya kazi kidogo kurudia jina la kituo chako pakiwa na makelele, lakini utasikika.

Sasa linganisha na kebo. Mita 30 za kebo nyembamba ya RG-58 hula karibu moja ya tano ya nguvu kwenye megahezi 7, na karibu asilimia 40 kwenye megahezi 28. Kwenye megahezi 145 hula robo tatu. Kinachopotea hugeuka joto ndani ya kebo, na unachopokea hupungua vivyo hivyo, jambo ambalo hakuna wati za kulitibu. Ndiyo maana nasema pesa yako ianze juu ya paa.

Kinachokufikisha Dubai ni jua. Miali yake huchaji hewa nyembamba iliyo juu sana, tabaka tunaloliita ionosfia. Sehemu yake ya juu, kilomita 250 hadi 400 hivi, hurudisha chini mawimbi ya megahezi chache hadi 30, kama bati linavyorudisha sauti. Mruko mmoja, yaani kupanda na kushuka mara moja, hufika kilomita 3,000 hadi 4,000, na Dubai imekaa ndani ya mruko mmoja kutoka Mombasa. Mchana tumia megahezi 14, 21 na 28. Usiku hizo huelekea kufifia na 7 huamka, ingawa msimu wa mvua ngurumo za bara hujaza 7 kwa mikwaruzo. Madoa ya jua, dalili ya nguvu ya miali hiyo, yalifika kileleni mwaka 2024 hivi, na sasa mzunguko unashuka. Megahezi 28 zitalegea miaka inayokuja, 14 zitabaki. Kwa hiyo usinunue redio ya bendi moja, yaani kundi moja la masafa, ya 28 kwa sababu tu ni rahisi.

Redio uliyoiona mtandaoni nadhani ni Xiegu G90, au inayofanana nayo. Ni ya Kichina, wati 20, inapokea kuanzia nusu megahezi hadi 30, na ndani yake kuna kifaa cha kulinganisha antena, ambacho kwa redio nyingine hununuliwa peke yake. Inakubali volti 10.5 hadi 16.5, kwa hiyo betri yako ya sola inatosha. Ikituma hufika ampea 8, basi tumia waya mnene na fyuzi karibu na betri. Nje huuzwa kati ya dola 400 na 500. Chukua 450 kwa shilingi 130, ni 58,500. Ongeza usafirishaji, ushuru na VAT ya asilimia 16, na usishangae ikigusa 75,000. Redio mpya za wati 100 za Kijapani zinaanza mbali juu ya hapo, tusizihesabu.

Kuna njia nyingine, na kwa fundi simu siwezi kuificha. Kampuni ya QRP Labs huuza vifurushi vya kujiunganishia, na kimoja chao, QMX, ni redio ya wati 5 ya bendi kadhaa, dola mia na ushee. Vipande vidogo vimeshapachikwa. Wewe unasokota waya kwenye pete za feraiti na kulehemu vilivyobaki. Mkono uliozoea kubadilisha tundu la chaji utaimaliza kwa siku mbili. Tahadhari yake ni moja: wakati wa kuunganisha unachagua iwe ya volti 9 au 12 kwa namna unavyosokota transfoma ya mwisho. Ukiisokota ya 9 kisha ukaichomeka kwenye betri ya 12, transista ndogo za mwisho zitaondoka. Nguvu yake hasa ni msimbo wa Morse na njia za kidijitali kama FT8, ambayo Joe Taylor na Steve Franke waliitoa mwaka 2017. Kompyuta hutuma ujumbe mfupi kwa zamu za sekunde 15, na kompyuta ya pili huusoma hata pale sikio halisikii kitu. Kwa wati 5 kutoka hapa utafika Ulaya na Japani. Lakini wewe umesema sauti, na neno hilo nimelichukua kwa uzito.

Basi, ningekuwa wewe, shilingi ya kwanza ingeenda kwenye kusikiliza, na hiyo karibu ni bure. Leo hii fungua kwenye simu WebSDR, redio inayosikilizwa kupitia mtandao, ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, uzungushe masafa ya 14 uone watu wanavyoitana. Jifunze mwendo wao: nani anaita, nani anasubiri, namna wanavyotaja herufi. Wiki hiyohiyo nenda ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hapa Mombasa, ukaulize masharti ya leseni, na uulize kama redio unayoitaka imeidhinishwa kuingia nchini. Uliza kabla ya kutuma pesa, mwanangu. Redio iliyokwama forodhani haina wati hata moja. Leseni ikitoka utapewa jina la kituo linaloanza na 5Z4.

Wakati karatasi zinatembea, jenga antena. Nunua waya wa kawaida wa umeme wa nyumba, uzi mmoja, milimita 1.5, kama mita 18. Kata vipande viwili vya mita 5 na kidogo kwa ajili ya megahezi 14, na viwili vya mita 3.4 na kidogo kwa ajili ya 21. Unganisha kimoja cha kila jozi upande huu wa kebo na wenzao upande wa pili, uvitandaze kama mbavu za mwavuli. Acha urefu wa ziada, lakini jua utaupunguza, kwa sababu ganda la plastiki hulifanya wimbi lione waya mrefu kuliko ulivyo. Utapunguza sentimita chache chache mpaka kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena kiwe kidogo. Waya wenye ganda ndio unaotufaa pwani, shaba tupu huliwa.

Kebo chukua ya televisheni, RG-6, ile ya madishi. Watu watakwambia ni ya ohmu 75 na redio inataka 50. Ni kweli, na haidhuru: antena ya namna hii yenyewe iko karibu na ohmu 73, na tofauti iliyobaki redio yako itaimeza. Hula nguvu kidogo kuliko RG-58 na ni bei ya chini. Tabu yake ni moja, nyuzi za nje ni alumini na hazishiki risasi ya kulehemu, basi bana kwa skrubu au kiunganishi chake. Kisha ziba maungio kwa mkanda wa mpira unaojishika wenyewe, na uikunje kebo iteremke kidogo kabla ya kuingia dirishani ili maji yadondoke nje. Maji ya mvua hupanda ndani ya kebo kama mafuta kwenye utambi. Nimewahi kukata kebo mita nne kutoka kwenye kiungio nikakuta matone.

Upande wa kuielekezea: antena hii hutuma kwa ubavu. Dubai kutoka kwetu iko kaskazini, ikiinamia mashariki kidogo, karibu sambamba na mstari wa pwani yetu. Kwa hiyo tandaza waya kutoka upande wa bahari kwenda upande wa bara. Ukifunga ncha moja kwenye mnazi, tia kapi na uzito wa jiwe, mti ukiyumba waya usikatike.

Ukishafunga, kabla hujalaumu redio, zima swichi kuu ya nyumba usikilize kwa betri. Taa za LED za bei ya chini, chaja za simu na vidhibiti vya sola hupiga kelele ambazo jirani hazisikii lakini antena yako inazisikia. Na makelele ya mtaa yakikushinda, chukua redio na betri uende ufukweni. Hii ni neema yetu, na mtu wa bara hana. Simamisha waya wa mita 5 kwenye mwanzi mrefu, tandaza nyaya nyingine tatu nne kwenye mchanga uliolowa, na maji ya chumvi yatalisukuma wimbi lako chini chini kuelekea upeo wa macho, ambako ndiko safari ndefu huanzia. Angalia jedwali la maji tu. Siku za bamvua bahari huondoka mbali, na ikirudi hairudi polepole.

Akiba ikikupungukia na ukaona redio ya mkono wa pili ya wati 100, usiilipie kwa kuisikiliza tu. Kila redio hupokea vizuri dukani. Tengeneza mzigo wa kujaribia: rezista 20 za ohmu 1,000, wati 2 kila moja, zisizo za waya wa kusokota, ziunganishwe bega kwa bega. Unapata ohmu 50 zinazobeba wati 40. Punguza nguvu ya redio, tuma kwa sekunde chache kwenye kila bendi, uangalie mita. Redio inayotoa nguvu kwenye 7 na kukosa kwenye 21 ina maradhi, na muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kukujibu.

Mambo mengine usiyamalize kwa kusoma. Paa la nyumba ya kupanga, mwombe mwenye nyumba kwa mdomo na kwa maandishi. Kama karibu na paa kuna nyaya za umeme wa mtaani, usipande mpaka uwe umempeleka fundi umeme mwenye leseni akaangalia umbali, kwa sababu waya ukidondokea hapo hutapata nafasi ya pili. Mwache yeye pia akupigie athi ya antena, yaani waya wa kwenda ardhini. Ncha za waya unapotuma hubeba volti za kuunguza kidole, nami najua mapaa ya Kisauni yana kamba za nguo na watoto, basi ncha ziwe juu ya mkono wa mtu mzima. Na mbingu ikianza kunguruma upande wa bara, chomoa kebo uitoe nje ya dirisha, hata kama uko katikati ya mazungumzo.

Kupata mtu wa kukuongoza ana kwa ana, uliza kupitia Amateur Radio Society of Kenya, chama cha wenzetu. Siku utakayokuwa na 5Z4 yako, anza kwenye megahezi 21 kuanzia saa kumi za jioni. Sikiliza kwanza kama kuna A6 hewani. Akimaliza kuita, taja jina la kituo chako mara moja, polepole, kisha useme Mombasa.